Protini ya siku 30 za mwanzo: Lishe ya vifaranga wa samaki katika Kanda ya Kati

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

UFUGAJI wa samaki katika Mkoa wa Dodoma na maeneo mengine ya Kanda ya Kati huzungumzwa zaidi kwa upande wa maji. Hilo si jambo la ajabu, kwani Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha katika msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili.

Hata hivyo, mfugaji aliyekwisha kuchimba kisima na kujenga bwawa hukutana na kikwazo cha pili ambacho hakionekani kwa macho. Kikwazo hicho ni upungufu wa protini katika chakula cha vifaranga wachanga, hususan katika siku 30 za mwanzo wa maisha yao.

Kifaranga aliyekosa protini ya kutosha hudumaa na kushambuliwa kwa urahisi na maradhi, na wengi hufa kabla mfugaji hajang'amua kilichotokea. Wanaosalia hutofautiana mno kwa ukubwa. Mfugaji wa Dodoma huumia zaidi, kwa sababu mbegu yake mara nyingi hutoka mbali. Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Viumbe Maji cha Kingolwira, kwa mfano, kipo Morogoro, na kutoka mji huo hadi Dodoma ni mwendo wa takriban kilomita 260.

Bwawa la udongo na bwawa la nailoni

Majaribio ya ufugaji wa samaki nchini yalianza mwaka 1949 huko Korogwe, Tanga, na Malya, Mwanza, kwa kutumia perege. Tangu wakati huo bwawa lililozoeleka ni lile la kuchimbwa ardhini. Katika bwawa la aina hiyo mfugaji hutia samadi, maji hugeuka rangi ya kijani, na ndani yake huzaliana mimea na wadudu wadogo wasioonekana kwa urahisi. Vifaranga hula viumbe hao, ambao wana protini nyingi, hata kama chakula wanachomwagiwa ni pumba tupu.

Katika nyanda za kati hali ni tofauti. Udongo wa kichanga huvujisha maji, na kiasi kinachopotea hewani kwa mvuke kwa mwaka huzidi mvua inayonyesha. Kwa sababu hiyo wafugaji hujenga matangi ya saruji au mabwawa yaliyotandikwa nailoni na kuyajaza maji ya kisima. Maji hayo ni safi, lakini kwa kifaranga ni sawa na sahani tupu. Asipopewa protini kwa mkono wa mfugaji, hana mahali pengine pa kuipata.

Mahitaji kwa umri

Mahitaji ya protini hupungua kadiri samaki anavyokua. Sato au perege mchanga, anayeanza kula akiwa na uzito wa takriban gramu 0.01, huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 40 hadi 50. Akifikia hatua ya kunenepeshwa, asilimia 25 hadi 30 humtosha. Kambale, ambaye kwa asili hula nyama zaidi, huhitaji asilimia 50 au zaidi akiwa mchanga.

Kiasi cha chakula nacho hubadilika. Vifaranga wachanga huweza kula kwa siku chakula chenye uzito wa asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa miili yao, tena kwa milo 4 hadi 8, ilhali samaki mkubwa hutosheka na asilimia 2 hadi 3. Hivyo kulisha vifaranga asubuhi na jioni pekee, hata kwa chakula kizuri, ni kuwashindisha njaa.

Pamoja na kiwango, upo ubora. Protini hujengwa kwa asidi amino, na samaki huhitaji aina 10 kutoka katika chakula kwa kuwa mwili wake hauwezi kuzitengeneza. Ikipungua moja tu, ukuaji husimama hata kama nyingine zimejaa tele.

Sato na kambale hawafanani

Jike la sato hutamia mayai na watoto wake mdomoni. Vifaranga wanapoachwa wajitegemee huwa wamekomaa kiasi cha kumeza chakula kikavu kilichosagwa kama unga laini, chenye chembe zisizozidi nusu milimita. Kwa sato, basi, kazi kubwa ni kusaga, kuchekecha na kuchanganya vema.

Mbegu inayouzwa kama madume matupu hupitia hatua ya ziada. Vifaranga hupewa chakula kilichochanganywa na homoni kwa siku 21 hadi 28 tangu waanze kula, kazi inayopaswa kufanywa na wataalamu kituoni. Kifaranga asiyekula vizuri katika siku hizo hapati dozi kamili, na wengine hubaki majike. Chakula duni huharibu ukuaji na pia idadi ya madume.

Kambale ni mgumu zaidi. Mayai yake huanguliwa baada ya saa 24 hadi 36 katika maji ya nyuzijoto 25 hadi 28 za Selsiasi, na akiba ya kiini aliyozaliwa nayo kifaranga huisha baada ya takriban siku 3. Wakati huo tumbo lake bado halijaanza kufanya kazi kikamilifu, na protini ya chakula kikavu humpita bila kumnufaisha ipasavyo. Ndiyo maana katika siku za mwanzo hupewa chakula hai.

Kinachotumika zaidi duniani ni artemia, mdudu mdogo wa maji ya chumvi. Mayai yake makavu huuzwa kwenye makopo, na sehemu kubwa huvunwa katika Great Salt Lake, jimbo la Utah, Marekani. Yakiwekwa katika maji ya chumvi yenye joto na hewa ya kutosha, huanguliwa kwa takriban saa 24. Tatizo ni bei.

Mbadala unaowezekana hapa nchini ni moina, mdudu wa maji baridi anayezaliana kwa siku chache katika pipa la maji lililotiwa samadi ya kuku. Ni muhimu maji hayo yachujwe kwa kitambaa, maana mabuu ya wadudu wakubwa hula vifaranga. Baada ya siku 4 au 5 za chakula hai, kambale huanza kuzoeshwa chakula kikavu taratibu. Wakipunjwa hula wenzao, hivyo ni lazima kuwatenganisha kwa ukubwa mara kwa mara.

Malighafi zilizo karibu

Kanda ya Kati si maskini wa protini. Dodoma na Singida ni mikoa inayoongoza kwa kilimo cha alizeti, na viwanda vya kukamua mafuta huacha mashudu kwa wingi. Mashudu ya viwanda vidogo, ambayo husagwa pamoja na maganda, huwa na protini ya asilimia 20 hadi 30. Yana kasoro mbili kwa kifaranga: nyuzinyuzi za maganda asizoweza kumeng'enya, na upungufu wa asidi amino iitwayo laisini. Kuchekecha hupunguza kasoro ya kwanza. Ya pili huhitaji malighafi nyingine.

Laisini ipo kwa wingi katika damu ya mifugo, na Dodoma ni mkoa wa wafugaji wenye machinjio makubwa. Damu iliyochemshwa, ikakaushwa na kusagwa huwa na protini ya takriban asilimia 80. Nayo haitoshi peke yake, kwa kuwa ina upungufu wa isolusini, asidi amino nyingine ya lazima. Itumike kidogo kama kiungo cha kusaidia mashudu.

Soya hukamilisha mchanganyiko, lakini ni lazima ikaangwe au ichemshwe, kwani ikiwa mbichi ina kemikali inayozuia umeng'enyaji wa protini. Funza wa nzi askari mweusi, wanaofugwa kwa mabaki ya mboga na matunda, huwa na protini ya takriban asilimia 40 wakikaushwa.

Mashudu ya karanga yanahitaji hadhari. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huota kuvu wenye sumukuvu, sumu iliyosababisha vifo vya watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Sumu hiyo huharibu ini la samaki pia, na kuchemsha hakuiondoi.

Dagaa ndiyo malighafi bora kuliko zote hizi. Wakiwa safi na wakavu huwa na protini ya takriban asilimia 60, na asidi amino zao hukaribiana na mahitaji ya kifaranga.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mchanganyiko wa kilo 10: dagaa waliosagwa kilo 5, mashudu ya alizeti yaliyochekechwa kilo 3, pumba za mahindi kilo 1.5 na damu kavu nusu kilo. Tukikadiria protini kuwa asilimia 60, 28, 10 na 80 kwa mfuatano huo, jumla ni kilo 4.39, sawa na asilimia 44. Mchanganyiko huo huongezwa vitamini na madini, na unamfaa sato mchanga.

Endapo robo ya uzito wa dagaa ni mchanga wa kuanikia, protini yao hushuka hadi asilimia 45, na mchanganyiko mzima hadi asilimia 36. Mfugaji amelipa bei ileile, amepima vilevile, lakini vifaranga wake wanadumaa. Njia rahisi ya kuwakagua dagaa ni kuwatia katika ndoo ya maji na kuangalia kinachotuama.

Namba iliyoandikwa kwenye mfuko nayo si ushahidi wa mwisho. Maabara nyingi hupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25 ili kukadiria protini, na wadanganyifu hutumia mwanya huo. Mwaka 2007 mbwa na paka wengi nchini Marekani walikufa kutokana na chakula kilichotengenezwa kwa malighafi kutoka China iliyotiwa melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi isiyo protini. Mfugaji mwenye shaka anaweza kupeleka sampuli kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), ambao hupima vyakula vya mifugo.

Protini ikizidi nayo ni hatari

Chakula kisicholiwa huoza na kutoa amonia, na samaki mwenyewe hutoa amonia kupitia matamvua baada ya kuitumia protini. Katika tangi dogo amonia hujilimbikiza haraka, na sumu yake huongezeka maji yanapokuwa na joto na alikali nyingi. Inashauriwa kumwaga chakula kidogo kidogo, kusimama pale vifaranga wanapoacha kukikimbilia, na kufyonza uchafu wa sakafuni kila siku. Maji hayo yenye rutuba hayana sababu ya kutupwa katika mkoa wenye kiu, kwani hufaa kumwagilia bustani ya mboga.

Mahali pa kubana na mahali pa kuachia

Baadhi ya wafugaji husita kununua chakula chenye dagaa wengi kwa sababu ya gharama. Hesabu inaonyesha vinginevyo. Kukuza vifaranga 1,000 hadi kila mmoja afikie gramu 1 ni kuzalisha kilo 1 tu ya samaki, kazi inayohitaji takriban kilo 1 hadi 2 za chakula. Kuwafikisha haohao gramu 250 kila mmoja ni kuzalisha kilo 250, na kwa kawaida huhitaji kilo 375 hadi 500.

Kwa maneno mengine, chakula cha ghali cha mwezi wa kwanza hakifikii hata asilimia 1 ya chakula chote, lakini ndicho kinachoamua ni samaki wangapi watafika sokoni. Anayebana matumizi hapo huokoa kilo moja ya dagaa na kupoteza vifaranga aliowasafirisha kutoka Morogoro.

Lipo pia suala la meza ya mwananchi. Dagaa ni kitoweo cha familia nyingi za kipato cha chini, na utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa. Kumpa kifaranga dagaa kwa mwezi mmoja, kisha kumhamishia polepole katika mashudu, soya na funza, ni njia ya kupata samaki wengi bila kugombania sana chakula cha watoto hao.