Kigoda cha Milansi: Sumbawanga kwa Mwendo wa Miguu

Miji ya kale ya pwani imezoea kutazamwa na wapitao kwa miguu. Mgeni anayeshuka bandarini Unguja huelekezwa Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu ikafuata mwaka 2001. Hupita vichochoroni akitazama milango ya nakshi, baraza na misikiti, na jioni huishia Forodhani akila. Ulaya nako mambo ni hayo hayo: mitaa ya kale ya Rome au Lisbon hutembelewa kwa mpango wa jengo, kisha meza ya chakula, kisha jengo jingine. Mpango huo umewafanya wengi waamini kwamba mahali pasipokuwa na mawe yaliyosimama hapana historia ya kutembelewa. Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, ni mji unaofaa kuijaribia imani hiyo.

Mji huu umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Magharibi ardhi inaporomoka hadi Ziwa Tanganyika, mashariki inaporomoka tena hadi bonde la Ziwa Rukwa, na maziwa yote mawili yako kiasi cha mita 1,000 chini ya uwanda. Wafipa wameishi hapo kama watu waliokaa juu ya dari ya nyumba yenye mabwawa pande mbili. Upepo wa kipupwe, mwezi Juni na Julai, huwafanya wenyeji watoke asubuhi na makoti mazito, jambo ambalo mtu wa pwani hulitazama kwa mshangao kabla hajaanza kulitafuta koti lake mwenyewe.

Jina la mji lenyewe ni la kumwambia mtu anayeingia. Katika Kifipa *sumba* ni kutupa, na *wanga* ni uchawi. Neno hili la pili halimwii geni msomaji wa pwani, ambaye anajua maana ya kuwanga usiku. Jina kwa hiyo ni amri ya mlangoni: tupa uchawi wako, ndipo uingie. Ni ajabu kwamba katika mizaha ya Watanzania mji huu umesifiwa kwa uchawi kuliko miji mingi, ilhali jina lake linasema kinyume. Pengine sababu ni kwamba wazungumzao hivyo hawajafika, na waliofika walipita kwa gari.

Anayetembea huanzia sokoni, katikati ya mji, kwa kuwa historia ya Ufipa imeandikwa kwanza katika chakula. Mbele ya mabanda ya mama lishe utaona migebuka na dagaa waliopandishwa kutoka Kirando, Kipili na Kasanga, bandari za Ziwa Tanganyika. Utaona perege na kambale kutoka upande wa Rukwa. Utaona maharage ya rangi nyingi, na magunia ya mahindi. Sahani inayouzwa mchana ni ugali wa mahindi, maharage, mboga za majani na samaki. Hicho ndicho chakula cha kila siku, na mlaji asiyeuliza atadhani kimekuwa hapo tangu kuumbwa kwa uwanda.

Lakini sahani hiyo imejaa wageni. Mahindi na maharage asili yake ni bara la Amerika, nayo yalifika Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao za baharini. Mwenyeji ni ulezi, nafaka ya nyanda za juu za Afrika ya Mashariki tangu enzi na enzi. Wafipa waliulima kwa namna yao wenyewe. Majirani wao wa kusini, Wabemba, walikata matawi ya miti na kuyachoma ili majivu yarutubishe shamba. Uwanda wa Ufipa ni wa nyasi, miti ni michache. Hivyo mkulima aliipindua nyasi na kuifukia ndani ya matuta ya duara yaitwayo *intumba*, ikaoza humo na kuwa mbolea. Juu ya matuta ilipandwa kunde au maharage, na msimu uliofuata matuta yalitawanywa ili ulezi usiwe. Huo ni ujuzi wa watu waliokaa mahali pamoja kwa muda mrefu, wakaisoma ardhi kama mwanachuoni anavyosoma kitabu kimoja maisha yake yote.

Katika karne ya ishirini mahindi yalikiteka kigoda. Kufikia miaka ya 1980 Rukwa ilikuwa imehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya kulisha taifa, na hadi leo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala yake Sumbawanga. Ulezi haukufukuzwa, ulihamishwa. Umebaki katika uji wa asubuhi, na umebaki katika kimpumu, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, wazee wakikizunguka na maji ya moto yakiongezwa kadiri mazungumzo yanavyoendelea. Hata asiyekunywa hufaidika akikaa pembeni ya chungu hicho, maana hapo ndipo habari za zamani husimuliwa bila haraka. Nafaka ya mgeni imeshika soko. Nafaka ya mwenyeji imeshika sherehe.

Kutoka sokoni, mtembezi hulikuta kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Sumbawanga. Jimbo hilo zamani liliitwa Karema, kwa jina la kituo cha kando ya Ziwa Tanganyika walichokabidhiwa mapadri wa White Fathers mwaka 1885, baada ya chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji kukianzisha mwaka 1879. Mwaka 1969 jina likabadilishwa kuwa Sumbawanga. Mabadiliko hayo yanaeleza safari ya mamlaka yote katika nchi hii: yalianzia ziwani yakapanda uwandani. Wajerumani nao walijenga boma lao Kasanga, wakaliita Bismarckburg, nalo likatekwa na Waingereza mwaka 1916. Baadaye utawala ukapanda, na Sumbawanga ikakua kuwa mji wa serikali. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na Katavi ikatengwa nao mwaka 2012.

Kabla ya hao wote walipita watu kwa miguu, na barabara za leo katika sehemu nyingi zimelala karibu na nyayo zao. Wangoni wa Zwangendaba walifika Ufipa katika miaka ya 1840 baada ya mwendo mrefu kutoka kusini mwa bara, na hapo kiongozi wao alifariki. Msafara ukagawanyika, kila kundi likashika njia yake. Mwaka 1872 David Livingstone alipita kandokando ya ziwa akielekea kusini, akiwa mgonjwa. Mwaka uliofuata maiti yake ilirudi kwa njia ya Ufipa, imechukuliwa mabegani na watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, kuelekea Unyanyembe na hatimaye Bagamoyo.

Chuma alipita tena. Mwaka 1880 alikuwa kiongozi wa msafara wa Joseph Thomson, kijana wa Uskochi mwenye umri wa miaka 22, waliovuka Ufipa na kufika mji wa mtawala Kapufi, kisha wakaliona Ziwa Rukwa kutoka juu. Thomson aliliita ziwa hilo Leopold, jina lisilodumu. Vitabu vingi vimeandika safari hizo kwa majina ya Waskochi wawili, ilhali aliyeijua njia, aliyezungumza na wenyeji na kupata chakula cha msafara, alikuwa Chuma, Myao aliyewahi kuwa mtumwa akakombolewa. Alifariki Unguja mwaka 1882. Kisiwa kilichomzika kina deni la kumkumbuka kuwa mmoja wa watembezi wakubwa wa Ufipa.

Misafara hiyo yote ililishwa. Watu mia hawavuki uwanda kwa kutazama mandhari tu. Walinunua ulezi, kunde na kuku, na walinunua majembe. Jembe la Ufipa lilisifika kwa majirani, na chuma chake kiliyeyushwa katika tanuri ndefu za udongo, zinazoitwa *malungu*, zenye urefu wa mita tatu au zaidi. Zilijengwa kwa udongo wa kichuguu, zikatobolewa matundu chini ili upepo uingie wenyewe bila mivukuto. Baada ya hapo chuma kilisafishwa katika tanuri ndogo yenye mivukuto. Mafundi waliipamba tanuri mpya kama bibi harusi, wakaitilia dawa, na muda wa kazi walijitenga na wake zao, kwa kuwa walihesabu kwamba tanuri imeolewa na itazaa. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameonyesha kwamba ufundi wa kuyeyusha chuma katika eneo hili ulikuwa na aina zaidi ya moja na historia ndefu. Kazi hiyo ilififia mwanzoni mwa karne ya ishirini, bidhaa za viwanda vya Ulaya zilipoenea.

Baadhi ya malungu bado yamesimama mashambani, mengine yamevunjika kiunoni. Hayana uzio wala bati la kuyakinga na mvua. Mvua ya uwanda hunyesha toka Novemba hadi Aprili, na udongo wa kichuguu, hata uliochomwa, una kikomo cha uvumilivu. Jembe la ng'ombe linapokaribia, mkulima anayehitaji hatua tano zaidi za shamba hana wa kumwuliza. Hapa ndipo imani ile ya mawe inapodhuru: kwa kuwa hayafanani na ngome, hayahesabiwi kuwa majengo, na yasiyohesabiwa hayalindwi.

Matembezi yanaishia Milanzi, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga na zamani ilikuwa Milansi, makao ya kale kuliko yote katika masimulizi ya Wafipa. Huko, wanasema, ndiko aliko­tua Ntatakwa, mtu wa kwanza, aliyeshuka kutoka mbinguni. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefika Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliyakusanya masimulizi hayo na kuyafanya msingi wa kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya dola za Ufipa kabla ya ukoloni. Wasimulizi hutofautiana katika mengi, lakini kiini ni kimoja. Walikuja wanawake watatu kutoka mbali, kwa miguu. Mtawala wa Milansi alikuwa porini akiwinda. Mkewe aliwapokea wageni, nao wakataka kigoda cha kukalia. Akawapa kigoda cha mumewe. Mtawala aliporudi alikuta nchi ina wenyewe wengine. Kwa hao ukaanza ukoo wa Watwa, ambao si wale Watwa wa misituni, nao ukatawala falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Wilaya ya Nkasi inalichukua jina hilo hadi sasa.

Mtu wa pwani atakumbuka methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Masimulizi ya Milansi yanaitia methali hiyo swali. Je, mwenyeji alipona? Alipoteza nchi, ila hakupoteza vyote. Milansi ilibaki na eneo lake dogo na heshima yake ya kiibada. Watawala wapya walikuwa na nguvu, na wa zamani alikuwa na utangulizi, jambo ambalo nguvu haliwezi kulinunua. Kilichokwenda ni kigoda. Kilichobaki ni haki ya kusema nani alikuwepo kwanza. Ni mapatano yale yale yaliyofanywa baadaye na ulezi mbele ya mahindi.

Leo mgeni mwingine amefika. Barabara ya lami kutoka Tunduma, yenye kilomita zipatazo 220, imeufungua mji ambao zamani masika yaliufunga. Watalii hulala Sumbawanga usiku mmoja wakielekea Hifadhi ya Taifa ya Katavi au maporomoko ya Kalambo, yanayoanguka zaidi ya mita 200 kwenye mpaka wa Zambia. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba karibu na maporomoko hayo, upande wa Zambia, vimepatikana vipande viwili vya mbao vilivyochongwa na kuunganishwa kwa mkono, vyenye umri wa miaka isiyopungua 476,000 hivi. Dunia nzima ikageuka kutazama gogo, na ilikuwa na haki. Gogo hilo lilidumu kwa sababu lilikuwa limezama katika udongo wenye maji. Malungu hayana bahati hiyo; yamesimama juu ya ardhi, yakiwategemea watu.

Ni vyema basi mgeni huyu apokewe kama ilivyo ada, apewe ugali wa ulezi akiutaka, migebuka, na mtu wa kumwongoza kwa miguu kutoka sokoni hadi Milanzi. Lakini mke wa mtawala aliacha somo ambalo Wafipa wamelitunza kwa masimulizi karne kadhaa. Sahani ni ya mgeni. Kigoda, yaani neno la nini kihifadhiwe, kiitwe jina gani na kisimuliwe na nani, hakitolewi mwenye nyumba akiwa porini.