Uamsho wa Mara: Ulijenga au Ulibomoa?

Wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani walianza kazi Shirati, katika eneo la Mara nchini Tanganyika (Tanzania ya leo), mwaka 1934, kisha wakafungua vituo Bukiroba karibu na Musoma, Mugango, na Bumangi kwa Wazanaki. Agosti 1942 Shirati ilikumbwa na Uamsho, vuguvugu la Kikristo lililokuwa limeanza kupamba moto Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930. Watu walisimama mbele ya kusanyiko wakaungama dhambi, kisha wakaendelea kukutana na kuchunguzana mwenendo. Wenyewe waliita maisha hayo kutembea nuruni. Wapinzani waliona fujo. Tayari mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kilikuwa kimewafukuza wanafunzi 26 katika mgogoro wa Uamsho huohuo.

Ushuhuda wa waliookoka pekee hauwezi kumaliza ubishi huu, maana aliyebaki ndiye anayesimulia, na aliyeumia aliondoka bila kuaga. Afadhali tutazame matendo ambayo hata asiyesali angeyaona. Uamsho uliwadai wafuasi wake warudishe walichoiba na wapatane na waliowakosea. Uliwakutanisha Wajaluo, Wajita, Wazanaki na Wakurya katika ushirika mmoja. Na, jambo zito zaidi kwa enzi ile ya mkoloni, wamisionari nao walitubu majivuno yao mbele ya Waafrika. Zedekia Kisare, mmoja wa walioguswa na Uamsho wa Shirati, akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa la Kimennonite huko mwaka 1967. Mtu atasema uaskofu huo ungekuja tu, kwa kuwa Uhuru ulikwisha kuyasukuma makanisa kuelekea uongozi wa Waafrika. Ni kweli. Lakini cheo hutolewa kwa azimio la kikao, na hakuna kikao kilichomlazimisha Mzungu kumwomba Mwafrika msamaha katika miaka ya 1940.

Madhara yalikuwapo, na hayakuwa kelele za ibada zilizowaudhi wengi. Yalianza pale ushirika ulipojifanya mwamuzi wa kila kitu: Uganda, kundi lililojitenga la Abazukufu lilifika hadi kuwakataza wafuasi wake kukopa. Tena, anayeungama uzinzi hadharani humfichua mwenzake ambaye hakuomba kufichuliwa, na lalamiko hilo lilisikika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Watetezi husema hizo ni pupa za watu wachache, wala si mafundisho. Sikubaliani nao: desturi iliyomsifu aliyesema yote haikumwachia aliyetajwa nafasi ya kujibu, hata kama alikuwa mke wa jirani aliyeketi nyumbani kwake.