Mji wa Aliyeshindwa

Mwaka 1982 Waingereza walianzisha katika televisheni shindano la maneno na hesabu, Countdown, ambamo mshindani hupewa sekunde 30 tu. Tanzania Bara ilingoja televisheni hadi 1994. Lakini ndugu msomaji asidhani kwamba watoto wa Kwai, katika baridi ile ya Usambara, walikosa uwanja. Walikuwa na moto jikoni. "Kitendawili!" "Tega!" Aliyeshindwa hutoa mji. Akitoa kijiji hukataliwa. Hudaiwa Lushoto, pengine Tanga nzima, na mtegaji hujisifia safari yake ya huko kabla ya kutegua. Hesabu nayo imo: mtu avushe chui, mbuzi na majani kwa mtumbwi uchukuao kimoja kimoja, kisiliwe kitu. Kwenda na kurudi ni safari 7, hazipungui. Saa haikuwapo, ila aibu ilikuwapo, nayo, kwa maoni yangu, ni kali kuliko saa. Mtoto aliyetoa Tanga jana alilala akitafuta fumbo la kuikomboa.