Kando ya Wali

Machi 2021 mama yangu mdogo aliacha vidonge vya presha. Hakugombana na daktari wala hakuishiwa hela. Alipokea ujumbe WhatsApp, ule wenye alama ya mishale miwili kuonyesha umeshasambazwa mno: tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, chemsha, kunywa asubuhi na jioni. Ungesafisha mishipa, ungeshusha presha na ungezuia korona. Ulikuwa msimu ambao tangawizi ilipanda bei sokoni Tanga na kila nyumba ilikuwa na sufuria ya nyungu, nasi nyumbani tulijifukiza kama wenzetu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtwangia ile tangawizi kwenye kinu kidogo cha iliki. Niliona kopo la vidonge halisogei pale juu ya friji, na sikusema neno. Nilikuwa mtoto ndani ya nyumba, na yeye alikuwa na imani.

Juni alianguka bafuni. Kiharusi, upande wa kulia.

Nataja haya mapema ili msomaji ajue kwa nini mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya historia anajishughulisha na mzizi wa chai. Wasimamizi wangu walitarajia utafiti kuhusu biashara ya nafaka katika miji ya pwani. Nilikuwa nasoma Ibn Battuta kwa ajili hiyo, nikitafuta mchele, nikakutana na tangawizi.

Ibn Battuta alifika Mogadishu karibu na mwaka 1331, baada ya siku kumi na tano baharini kutoka Zeila. Zeila ilimchukiza. Anasema ilinuka samaki na damu ya ngamia waliochinjwa njiani, hata akaona heri alale chomboni ingawa bahari ilikuwa chafu kweli kweli. Mogadishu wakampokea kama mwanachuoni anavyostahili. Akaletewa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Kando kulikuwa na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na sahani ya maziwa ya mgando iliyopangwa ndimu za achari, pilipili zilizolowekwa kwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Unakula tonge la wali, kisha unaonja kidogo hivyo vya kando. Anaongeza, bila haya, kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba wenyeji ni wanene kupindukia.

Kitabu chake kilikamilika Fez mwaka 1355, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Katika muda huo alikuwa amepita Delhi, Maldivi na China, lakini achari ya Mogadishu ilikuwa bado ulimini mwake.

Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Nilichoona ni mahali tangawizi ilipowekwa: kando ya wali. Mtu anayekula samli nyingi vile amewekewa kitu kikali cha kulisaidia tumbo. Hakuna aliyeiita dawa. Lakini angeulizwa tabibu yeyote wa zama zile angejua inafanya nini pale. Ibn al-Qayyim wa Dameski, aliyefariki mwaka 1350, aliiorodhesha tangawizi katika kitabu chake cha tiba ya Mtume miongoni mwa vitu vya moto vinavyosaidia chakula kusagika. Alirithi elimu ya vitu vya moto na vya baridi, ya zamani kuliko yeye kwa zaidi ya miaka elfu, na mabaki yake bado tunayo pwani. Muulize bibi yeyote kwa nini mzazi anapewa uji wa pilipili manga.

Nikaanza kurudi nyuma zaidi, na nafaka zikasahaulika kwa miezi miwili. (Wasimamizi wangu wanajua.) Katika karne ya kwanza Dioscorides, tabibu wa Kigiriki, aliandika kwamba tangawizi inapasha mwili moto, inasaidia tumbo na inalainisha choo taratibu. Pia aliandika kwamba inaota Arabuni na katika nchi ya Watroglodita, yaani pwani ya Afrika upande wa Bahari ya Shamu. Alikosea. Ilitoka mbali zaidi, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, lakini soko la Roma liliona bandari ya mwisho tu, na mfanyabiashara hana sababu ya kumwonyesha mteja shamba. Kwa hiyo kuna wakati Wazungu walidhani tangawizi ni yetu.

Ukweli ni kwamba haina kwao porini. Wataalamu wa mimea hawajapata tangawizi mwitu popote. Ilianza kulimwa Asia ya Kusini-Mashariki, na ni nadra sana kutoa mbegu: inapandwa kwa kukata kipande cha tunguu na kukifukia. Maana yake ni kwamba kila shina la tangawizi, pamoja na zile za milima ya Upare, linatokana na kipande ambacho mtu fulani alikibeba mkononi, au katika kikapu, au katika jahazi. Nayapenda sana haya. Historia ya mimea mingi ina upepo na ndege ndani yake. Hii ina watu watupu.

Na mabaharia hao waliibeba kwa sababu. Mwaka 1982 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha jaribio la Marekani lililofanywa kwa wanafunzi 36 wanaosumbuliwa na kichefuchefu cha safari. Walifungwa macho wakakalishwa kwenye kiti kinachozunguka. Waliomeza unga wa tangawizi, chini kidogo ya gramu moja, walivumilia kuliko waliomeza dawa ya kawaida ya kichefuchefu: nusu yao walimaliza dakika zote sita, na katika makundi mengine hakumaliza hata mmoja. Mwaka 1988 Wadenmaki walikwenda baharini kabisa, na wanafunzi 80 wa jeshi la majini wasiozoea mawimbi makubwa. Gramu moja ilipunguza kutapika na jasho baridi. Kichefuchefu chenyewe na kizunguzungu vilipungua pia, ila si kwa kiwango cha kuwaridhisha wanatakwimu. Kisha mwaka 1991 watafiti wengine wa Marekani walirudia mambo ya kiti na hawakuona faida yoyote.

Ushahidi ulio imara zaidi ni wa wajawazito. Nchini Thailand, mwaka 2001, wanawake 70 wenye kichefuchefu cha mimba waligawanywa makundi mawili, na waliopata gramu moja ya tangawizi kwa siku, kwa siku nne, walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa vidonge vitupu. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 576 wa saratani waliokuwa wakitibiwa kwa kemotherapia. Nusu gramu hadi gramu moja kwa siku, pamoja na dawa zao za kawaida za kuzuia kutapika, ilipunguza kichefuchefu cha siku ya kwanza. Kwa maumivu ya magoti ipo nafuu ya wastani. Ukali wenyewe unatokana na kemikali ziitwazo jinjeroli, ambazo tangawizi ikikaushwa hugeuka shogaoli, kali zaidi, jina lililotokana na neno la Kijapani la tangawizi, *shōga*. Ndiyo, nilicheka peke yangu maktabani.

Na presha? Yapo majaribio madogo yanayoonyesha inashuka kidogo. Hakuna hata moja linaloonyesha kwamba mtu anaweza kuweka kopo lake juu ya friji akaliacha lipigwe vumbi.

Maneno matatu katika ule utafiti wa saratani yalinikaa: pamoja na dawa. Ndivyo tangawizi ilivyokuwa kila nilipoikuta. Wanafunzi wa Confucius waliandika kwamba mwalimu wao hakukosa tangawizi kwenye chakula, ila hakula kupita kiasi. Mogadishu ilikaa kando ya wali. Katika chai inakaa na majani na sukari. Miaka elfu mbili na zaidi ilikuwa ya pili katika kila sahani, na sikumkuta tabibu wa kale aliyeamuru kila kitu kingine kiondolewe ibaki yenyewe. Ule ujumbe wa mishale miwili ulijitia ukale, ulianza na "wazee wetu walijua". Wazee wetu wangeushangaa.

Siwezi kusema vidonge vingemzuia asianguke. Daktari hakusema hivyo, na mimi sikumuuliza. Nilichoulizwa mimi, koridoni, ni kama mgonjwa anatumia kitu kingine chochote. Nikajibu hapana. Tangawizi haikunijia hata akilini, kwa sababu ilikuwa chakula, na yeye aliuliza habari za dawa. Baadaye nilisoma kwamba kwa mgonjwa anayepewa dawa za kuzuia damu kuganda, tangawizi nyingi inapaswa kutajwa, maana nayo inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Nilirudi kliniki iliyofuata nikaitaja, na kiasi chake. Daktari akaandika, akasema kikombe cha chai hakina neno, ila kile kinywaji cha kuchemsha tukiache.

Siku hizi anatwanga mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Mtaalamu wa viungo alisema mkono wa kulia nao upewe kazi, kwa hiyo unashika kinu kisiteleze. Inachukua muda mrefu. Likizo iliyopita nilimsomea habari za Mogadishu, achari na samli na wale watu wanene. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama yule Mwarabu alieleza wale watu walitia chumvi kiasi gani kwenye ndimu.

"Hakueleza, mama."

"Basi hakuingia jikoni," akasema, akanisogezea kopo la vidonge nimfungulie.