Nani Humwuliza Askari?

Katika lugha yetu neno askari limebeba mizigo mingi. Tunalo askari wa jeshini, askari wa magereza, askari wa mgambo, askari wa wanyamapori, na askari polisi. Hata chombo chenyewe tunakiita Jeshi la Polisi, wala hakuna anayeshangaa. Mimi niliyefundisha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini nimezoea kuwaambia kwamba jina la kitu mara nyingi hueleza kilikozaliwa. Basi na tuanzie huko.

Waingereza walianzisha polisi wa Tanganyika Agosti 25, 1919, makao makuu yakiwa Lushoto, mji wa milimani ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Makao hayo yalihamia Dar es Salaam mwaka 1930. Kazi ya askari wa siku zile haikuwa kumlinda mkazi wa Magomeni na mwizi wa kuku. Alikuwa msaidizi wa mtawala katika kusimamia amri, kuhakikisha kodi inalipwa na kutawanya mikusanyiko. Alipotaka kujua kama amefanya vizuri alimtazama bwana mkubwa, hakumtazama mama muuza vitumbua. Raia kwake alikuwa mtu wa kuulizwa: unatoka wapi, unakwenda wapi, iko wapi stakabadhi ya kodi?

Mwaka 1961 tulipata uhuru. Bendera ilibadilika, na maofisa Waafrika wakapandishwa vyeo, lakini sheria na desturi za kituoni zilirithiwa karibu kama zilivyokuwa. Kabla hatujapata nafasi ya kuzitafakari, ikaja Januari 1964. Nilikuwa kijana wa shule hapa hapa Magomeni. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, baadhi ya polisi wetu walipelekwa Visiwani kusaidia kutuliza hali. Januari 20 wanajeshi wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, wakaasi. Maduka yaliporwa Kariakoo na huku kwetu, na watu walikufa. Wazazi wetu walitufungia ndani, tukawa tunasikiliza tu milio. Januari 25 makomando wa Kiingereza ndio waliowanyang'anya waasi silaha, jambo lililomwonea haya kila mpenda nchi.

Viongozi walipata somo katika fedheha ile: chombo chenye bunduki kisicho na itikadi ni hatari. Mwaka ule ule wanajeshi na polisi wakafunguliwa mlango wa kujiunga na TANU. Siwalaumu waliofanya hivyo, kwa maana nchi changa ilikuwa imeponea chupuchupu. Ila matokeo yake yalidumu. Chama, serikali na polisi vikawa kama vidole vya mkono mmoja. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, Katiba iliwakataza askari kuwa wanachama wa chama chochote. Kwenye karatasi jambo lilikuwa limekwisha. Lakini mwamuzi aliyevaa jezi ya timu moja kwa miaka karibu thelathini havui mazoea yake siku anayovua jezi.

Wakati huo huo sisi wa mitaani tulikuwa tukijilinda wenyewe. Kulikuwa na balozi wa nyumba kumi, aliyejua mgeni wa nani kalala kwa nani. Kisha likaja jeshi la jadi la sungusungu, lililoanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe. Sheria ya mwaka 1989 iliwapa walinzi hao uwezo wa kukamata kama mgambo, na mwaka 1990 Augustine Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akautaka utaratibu huo uenee mijini. Magomeni tukapangiwa zamu. Kila nyumba ilitoa mwanamume au ilitoa fedha. Tulikusanyika usiku kwa mjumbe na virungu, filimbi na tochi, tukazunguka vichochoro kutoka Mapipa hadi Kagera mpaka adhana ya alfajiri.

Ni lazima niseme kweli: wizi ulipungua, na watu waliokuwa hawasalimiani wakajuana majina. Lakini usiku mmoja tulimsimamisha kijana aliyekuwa akitoka kazini zamu ya usiku. Alijieleza, tukamwachia. Kabla ya kuondoka akaniambia kwa upole, "Shikamoo Mwalimu. Sasa nyinyi mkinikamata bure, mimi nikamlalamikie nani?" Wenzangu walicheka. Mimi nilitembea na swali hilo mpaka asubuhi, na mpaka leo sijaona swali jingine linalofaa zaidi kuipimia historia ya usalama wetu.

Tulipimwa nalo Februari 1998. Kulikuwa na mvutano juu ya mihadhara ya dini katika Msikiti wa Mwembechai, mwendo wa dakika chache tu kutoka mitaa tuliyolinda. Polisi walikuja kukamata watu, vurugu zikazuka, na Ijumaa ya tarehe 13 risasi za moto zikapigwa. Watu walipoteza maisha. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake kuhusu nani alianza na nani alizidisha, na hapa si mahali pa kuamua kesi hiyo. Ninalolisema ni kwamba maombi ya kuundwa kwa tume huru ya uchunguzi hayakukubaliwa. Hamza Njozi, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipochapisha kitabu juu ya mauaji hayo mwaka 2000, kitabu kilipigwa marufuku nchini.

Niliishi miongoni mwa Waislamu na Wakristo waliokuwa wakipelekeana futari na pilau ya Krismasi. Baada ya siku ile niliona wakipunguza sauti mwenzao anapopita. Swali lisilojibiwa halifi, ndugu msomaji. Hugeuka kuwa uvumi, na uvumi hugeuka kuwa chuki.

Hebu sasa tutazame tukio ambalo swali liliulizwa. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi wa hapa Dar es Salaam, waliuawa mikononi mwa polisi. Umma ulielezwa kwamba walikuwa majambazi waliorushiana risasi na askari. Ndugu zao walikataa katakata. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na ikabainika kuwa marehemu hawakuwa majambazi. Maofisa wa polisi walishtakiwa, akiwamo aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa mwaka 2009, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja tu kati yao. Mtu anaweza kusema mlima ulizaa panya. Lakini lipo jambo kubwa ambalo halikupotea: watu wale wanne walirudishiwa majina yao. Wajane na watoto wao hawakuachiwa urithi wa kuitwa jamaa za majambazi. Hayo yalitokana na mtu mwenye mamlaka nje ya polisi kuuliza. Basi yule ambaye kilio chake hakifiki Ikulu afanyeje?

Mwaka ule ule wa 2006 Said Mwema aliteuliwa kuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, naye akaleta mageuzi yaliyosikika. Tukafundishwa polisi jamii na ulinzi shirikishi, na baadaye tukasikia wito wa kutii sheria bila shuruti. Askari wakaja kwenye mikutano ya mtaa, wakatoa namba za simu, wakanywa chai na wazee. Nilifurahi, na bado naona ilikuwa hatua njema. Ila niliyaangalia mageuzi yale kwa jicho la mwalimu mkuu. Kiranja anayewaambia wanafunzi "nileteeni majina ya wapiga kelele" amewashirikisha, ni kweli. Lakini kama amempiga mtoto bila sababu na mtoto hana pa kwenda isipokuwa kwa kiranja huyo huyo, shule haina nidhamu, ina hofu iliyonyooka mstari. Ushirikishi wetu ulimtaka raia atoe taarifa, atoe zamu, atoe mchango. Haukumpa haki ya kudai taarifa naye.

Ndiyo maana Februari 2018 tulirudi pale pale. Polisi wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA huku Kinondoni, risasi ilimuua msichana, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, aliyekuwa ameketi ndani ya daladala. Hakuwa mwandamanaji. Jalada lilifungwa bila askari yeyote kusimama mahakamani. Kwa sisi tuliotumia umri wetu kuwaambia watoto someni mtafika, habari ile haikuwa ya siasa hata kidogo.

Wapo wanaosema dawa ni kubadilisha jina. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilitoa ripoti iliyopendekeza polisi waundwe upya, wawe huduma kuliko kuwa jeshi. Naliunga mkono, lakini majirani zetu wametufundisha kwamba jina peke yake halitoshi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilipoteza watu 1,133, na Tume ya Jaji Waki ilieleza kuwa 405 kati yao walikufa kwa risasi. Katiba ya 2010 ikawapa Huduma ya Taifa ya Polisi, na sheria ya 2011 ikaunda mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Hata hivyo Juni 2024 vijana walipigwa risasi Nairobi wakipinga muswada wa fedha. Je, yote yalikuwa bure? La hasha. Wakili Willie Kimani alipouawa mwaka 2016 pamoja na mteja wake na dereva wao, mamlaka hiyo ilikuwa miongoni mwa waliochunguza, na mwaka 2022 maofisa watatu wa polisi walitiwa hatiani. Mkenya hajapata polisi anayemtaka, lakini amepata mlango wa kubisha.

Sisi tulichelewa kuujenga mlango huo, na Oktoba 29, 2025 tulilipa. Siku ya uchaguzi maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine, intaneti ikazimwa, na usiku amri ya kutotoka nje ikatangazwa jijini. Watu wengi waliuawa, na idadi yao ikawa ni ubishi. Novemba Rais aliunda tume ya uchunguzi. Nchi ambayo haiwezi kukubaliana imezika watu wangapi imekosa kitu kikubwa kuliko takwimu.

Mimi si mwanasheria, na kwa umri huu sitafuti cheo. Naona mambo matatu tu. Kwanza, kiwepo chombo nje ya polisi, chenye wapelelezi wake, ambacho raia wa kawaida anaweza kukiendea bila kumjua mkubwa yeyote. Pili, kila risasi inayomwangusha mtu itolewe maelezo hadharani, hata kama ilipigwa kihalali. Tatu, katika mikutano yetu ya mtaa mkuu wa kituo asije kutoa maagizo tu, bali aketi, aulizwe na ajibu.

Askari wengi ninaowafahamu ni watu wema. Baadhi niliwafundisha kusoma. Wanalala katika nyumba mbovu na kuitwa usiku wakati sisi tumelala. Nao pia swali huwalinda, kwa sababu askari mwema asiyeulizwa huhesabiwa pamoja na mbaya. Yule kijana wa zamu ya usiku hakuwa akitutukana. Alikuwa akitueleza usalama ni nini.