Kamera ya Begani au Handycam? Hivi Ndivyo Watu wa Enzi za Deki Walivyochagua Kamera ya Kwanza ya Video

Wadau, ukifungua lile sanduku la chini ya kitanda cha bibi, mara nyingi utakuta kanda za aina mbili. Kuna ile kubwa nyeusi, saizi ya kitabu, imeandikwa kwa kalamu ya wino HARUSI halafu mwaka. Na kuna vile vidogo, saizi ya kaseti ya redio, ambavyo hakuna mtu pale nyumbani anajua vinachezwa na mashine gani. Ile kubwa ilishaangaliwa mpaka ikachoka. Vile vidogo huenda vina sauti ya babu akicheka, huenda vimerekodiwa ukuta tu. Hakuna aliyeviona tangu kamera ife.

Hiyo tofauti sio bahati. Miaka thelathini na ushee iliyopita kuna mtu alisimama dukani na hela yake ya kujichanga, akachagua kamera moja na kuiacha nyingine. Na kitu kilichoamua hakikuwa ubora wa picha kama wengi wanavyodhani. Kilikuwa ni swali moja la kizamani sana: kanda hii itachezwa kwenye deki ya nani?

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya video, familia yenye uwezo ilikuwa na kamera ya filamu ndogo, Super 8, ambayo Kodak waliitoa mwaka 1965. Kasha moja la filamu lilikupa kama dakika tatu na ushee, basi. Halafu unalipeleka kusafishwa maabara, unasubiri, likirudi unatafuta projekta na shuka jeupe. Harusi nzima kwa dakika tatu! Ndiyo maana nyumba nyingi zina albamu za picha za mnato tu kutoka miaka hiyo.

Video ilipokuja kwanza ilikuwa mizigo miwili. Kamera mkononi, mashine ya kurekodia imening'inia begani, waya katikati. Mwaka 1983 Sony wakaunganisha vyote kuwa kitu kimoja, wakakiita Betamovie. Uzito kama kilo mbili na nusu, na kanda yake ni Betamax. Sasa sikia kichekesho: ilikuwa inarekodi tu. Ukitaka kuona ulichorekodi, mpaka urudi nyumbani uweke kanda kwenye deki ya Betamax. Na kile kidirisha cha kuchungulia kilikuwa kioo tu, hakikuonyesha picha inayorekodiwa. Unashuti harusi ya mtu kwa imani.

Mwaka uliofuata, 1984, JVC wakajibu na GR-C1. Hii wengi wameshaiona bila kujua, ndiyo ile kamera iliyotumika ndani ya filamu ya Back to the Future ya mwaka 1985. Ilirekodi na kucheza hapohapo, na kanda yake ndogo, VHS-C, ilikuwa na ujanja: unaiweka ndani ya kasha kubwa, unaisukumiza kwenye deki ya kawaida ya VHS, ngoma inapiga. Ubaya wake muda. Kanda iliyozoeleka ilikuwa ya nusu saa. Mchungaji akiwa ndiyo kwanza anauliza kama kuna mwenye pingamizi, wewe unabadilisha kanda.

Mwaka 1985 Sony wakarudi na Handycam ya kwanza, mfumo wa Video8. Hiyo ndiyo kanda ndogo ya kwenye sanduku la bibi. Kufikia 1989 walikuwa wametoa CCD-TR55, gramu 790 tu, wakaitangaza kuwa ina ukubwa wa pasipoti. Kwa kusema ukweli Video8 ilikuwa mashine nzuri. Picha yake ililingana na VHS, na sauti yake iliipita VHS za kawaida kwa mbali. Mwenye hela na akili timamu angechukua hiyo, sio?

Basi njoo Dar es Salaam ya miaka hiyo uone.

Tanzania Bara ilikuwa haina kituo cha televisheni. Zanzibar walikuwa na TV yao, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara mpaka 1994 ndipo ITV wakaja hewani. Yaani kwa zaidi ya miaka ishirini ng'ambo moja ya bahari watu wanaangalia taarifa ya habari, ng'ambo nyingine hamna kitu. Mtu wa Bara aliyenunua TV aliinunua kwa ajili ya deki. Kuanzia 1984 serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za nje kuingiza bidhaa bila maswali mengi, halafu ikaja enzi ya ruksa, deki zikaanza kuingia kwa kasi. Mabaharia walileta, ndugu wa Muscat walileta, waliokwenda Dubai walirudi nazo. Na deki hizo karibu zote zilikuwa VHS.

Kwa hiyo mtaani deki moja ilihudumia nyumba kumi. Watu walijazana sebuleni kwa mwenye nayo, watoto wamekaa chini, wengine dirishani. Sasa mpe huyo mwenye nyumba kanda ya Video8. Ataiweka wapi? Mwenye Handycam alilazimika abebe kamera yenyewe, waya na adapta, aichomeke kwenye TV, akae hapohapo akiilinda isiguswe na watoto. Ama ahamishie kwenye kanda ya VHS, na kila ukinakili picha inapungua nguvu: rangi zinavuja, sura zinakuwa na ukungu. Nakala ya nakala ndiyo ile ambayo bibi harusi unamtambua kwa gauni.

Mwenye kamera kubwa ya begani alikuwa na jibu rahisi. Anatoa kanda kwenye kamera, anaipiga kwenye deki, mtaa mzima unaangalia harusi usiku uleule. Kanda moja ya E-180 ilikuwa saa tatu, inatosha kanisani, barabarani na sehemu nzuri ya ukumbini. Na familia ilipewa kanda ileile iliyokuwa kwenye kamera, sio nakala. Ndiyo maana zile Panasonic za familia ya M, kama M3000 na M9000, ziliendelea kupiga kazi za harusi hata baada ya wenzetu wa Japani na Ulaya kuhamia kwenye vikamera vya mfukoni.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo haikuandikwa kwenye kijitabu chochote. Kamati ya harusi. Kamati ikishachangisha watu mwezi mzima, halafu mpiga video anatokea na kitu kinachoingia kwenye mfuko wa koti, wanahisi wamepigwa. Lakini jamaa akiingia na dude begani, nyuma yake kijana ameshika taa kali inayochoma macho, waya mrefu unaburuzwa kati ya viti, hapo kila mtu anajua shughuli ni shughuli. Wakina mama wanaweka vilemba sawa. Bega lilisaidia pia picha isitetemeke, lakini tusidanganyane, ilikuwa zaidi ni heshima.

Mpiga video wa namna hiyo kwa kawaida hakuwa tajiri. Alikuwa fundi redio, au mpiga picha za studio, au mtu aliyekopa kwa shemeji. Kamera yake ya kwanza ndiyo ilikuwa biashara yenyewe. Akikosea kuchagua, hakuna wa kumrudishia. Na mitego ilikuwa mingi.

Mtego mkubwa uliitwa NTSC. Tanzania, Kenya, Oman na Dubai zote zilikuwa upande wa mfumo wa PAL, picha 25 kwa sekunde. Marekani na Japani ni NTSC, karibu picha 30. Ndugu wa Marekani kwa upendo wake anatuma kamera safi kabisa, mpya kwenye boksi. Unarekodi, unaweka kanda kwenye deki ya jirani, picha inapanda juu kama lifti au inatoka nyeusi na nyeupe. Juu ya hilo umeme wao ni volti 120, Japani 100. Chaja za zamani ambazo hazikuandikwa kwamba zinakubali mpaka 240 ziliungua siku ya kwanza zilipochomekwa ukutani. Zawadi ya bure ikawa pambo la kabati. Mtu aliyenunua Dubai kwa hela yake alikuwa salama kuliko aliyepewa bure kutoka Marekani, na hilo watu walilijua kwa maumivu.

Mtego wa pili ni namba. Dukani wanakuonyesha kuvuta picha mara kumi na kitu, vibonyezo vya maandishi, rangi za kuchezea. Namba iliyokuwa na maana zaidi kwa harusi ya usiku ni lux, kiasi cha mwanga ambacho kamera inahitaji ili ione. Ndogo ndiyo nzuri. Lakini hata hiyo kila kampuni ilijipimia yenyewe, kwa hiyo kamera mbili zenye namba sawa zinaweza kutofautiana kama mchana na magharibi. Waliojua walifanya kitu kimoja tu: wanaomba muuzaji azime taa za duka, wanamrekodi yeye mwenyewe gizani.

Halafu kuna lile neno DEW. Watu wa pwani ndio waliopata tabu nalo. Kamera ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ikaingia kwenye joto la Dar, Tanga au Mombasa, unyevu unatulia juu ya ile ngoma ya chuma inayosoma kanda. Kamera inawasha DEW na inagoma. Haiwaki mpaka ikauke. Bwana harusi ameshashuka kwenye gari, wewe umekaa kivulini unaipepea kamera kwa kadi ya mwaliko! Wazoefu walifika ukumbini saa moja kabla, wanaacha kamera ndani ya begi izoee hewa taratibu.

Wale wa bajeti ndogo kabisa walinunua iliyotumika, na hapo ndipo ufundi ulipoonekana. Mtu asiyejua anarekodi dakika moja, anarudisha nyuma, anaangalia kupitia kamera ileile, picha safi, analipa. Kumbe kamera ambayo mitambo yake imehama kidogo inacheza vizuri kanda zake yenyewe. Ukipeleka kanda hiyo kwenye deki nyingine, chenga tupu, mistari inapita katikati ya sura. Mjanja alikuja na kanda yake mfukoni, anarekodi kwa kamera anayotaka kununua, halafu anaomba ichezwe kwenye deki ya dukani. Akiweza, anaomba na deki ya duka la jirani. Swali ni lilelile: itachezwa kwa nani?

Betri nayo usiulize. Mpya ilikupa saa moja hivi kwa shida, iliyotumika dakika kumi. Baadhi ya zile kubwa zilikula volti 12, sawa na betri ya gari, kwa hiyo kijijini ambako nguzo za umeme hazijafika mtu alishuti harusi huku waya umeingia kwenye boneti ya gari la maharusi. Handycam ndogo haikuwa na ruhusa hiyo kirahisi.

Dijitali ilipokuja ilibadilisha hesabu. Mfumo wa DV ulitoka 1995, kanda ya MiniDV ya saa moja, na kamera kama Sony VX1000 ikawa na waya wa kuingiza picha moja kwa moja kwenye kompyuta. Kunakili hakukupunguza tena ubora. Halafu zikaja CD na DVD, na mteja akaacha kuuliza kanda ya aina gani, akawa anauliza "naipata lini sidii yangu?" Kamera za begani za VHS zikarudi kwenye maboksi. Mwaka 2016 Sony wakaacha kutengeneza kanda za Betamax, na mwaka huohuo Funai wa Japani, ambao ndio walikuwa wamebaki, wakaacha kutengeneza deki za VHS.

Sasa kwa vijana mnaowinda Handycam za zamani siku hizi kwa ajili ya ule muonekano wa kizamani kwenye klipu zenu: zipo, na nyingi bei yake sio ya kutisha. Lakini kabla hujalipa, uliza inakula kanda gani na kama inacheza, sio kurekodi tu. Aina nyingi za Digital8 ambazo Sony walianza kuzitoa 1999 zinasoma pia Video8 za zamani na kuzitoa kwa waya mpaka kwenye kompyuta, ila sio zote, kwa hiyo nenda na kanda mfukoni kama wale wazee. Ukipata moja nzima, usianze na klipu. Kwanza kagua vile vikaseti vya bibi kama vimeota ukungu mweupe pembeni, maana pwani ukungu unakula kanda, na kanda yenye ukungu itachafua kichwa cha kamera. Vilivyo safi vipeleke mbele na urudishe nyuma mara moja ili vilegee, halafu bonyeza pleyi ukiwa tayari unanakili, kwa sababu kanda ya umri huo inaweza isikupe nafasi ya pili.