Gololi na Beringi: Historia Fupi ya Maneno Mawili ya Mafundi wa Baiskeli

Katika kazi ya kufasiri, makosa mabaya aghalabu hayatokani na maneno tusiyoyajua, kwa maana hayo huyatafuta mtu mpaka akayapata. Hutokana na yale tunayodhani tunayajua tangu utotoni. Si zamani sana tulipewa kijitabu cha matunzo ya baiskeli tukifasiri kwa ajili ya mabwana shamba na wahudumu wa afya vijijini. Sura ya magurudumu haikutusumbua hata kidogo. Kila palipotajwa kile kinachoshika ekseli na kulifanya gurudumu lizunguke kwa wepesi, tuliandika “gololi”. Tukaagiza kwamba gololi zitolewe kila baada ya masika, zioshwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe, zipakwe grisi mpya na kurudishwa mahali pake. Kiswahili chake kilikuwa safi, na maagizo yake yalikuwa ya kuharibu mali ya watu.

Jambo hilo hatukuligundua mezani bali dukani. Jirani yetu mmoja ana baiskeli ya milimani, ile ambayo vijana huiita baiskeli ya gia, na gurudumu lake la nyuma lilikuwa limelegea likicheza huku na huku. Tukajitolea kumnunulia gololi mpya, tukaenda Mchikichini. Kijana wa dukani akatusalimu, “Shikamoo, mzee,” tukaitikia, tukaeleza haja yetu. Akauliza, “Za robo?” Tukakubali, kwa kuwa gololi za nyuma huwa za robo inchi. Akahesabu 18, tisa kwa kila upande, akazifunga katika kipande cha gazeti. Lakini fundi alipokifungua kitovu cha gurudumu hakukuta gololi hata moja ya kubadilishwa. Alikuta pete mbili za chuma, kila moja imezibwa kwa mpira pande zote. “Mzee,” akasema, “hii haitumii gololi. Hii ni ya beringi.”

Kwa mfasiri sentensi hiyo ilikuwa nzito. Ndani ya zile pete zilizozibwa, bila shaka, mna gololi. Fundi alilijua hilo kuliko sisi. Hata hivyo kwake gololi na beringi ni vitu viwili, huulizwa kwa majina mawili, na hutunzwa kwa njia mbili zinazopingana. Gololi zilizo wazi huoshwa kwa mafuta ya taa. Beringi iliyozibwa, ukiitia katika mafuta hayo, grisi iliyowekwa kiwandani huyeyuka na kutoka, wala huwezi kuijaza nyingine kama ipasavyo. Baada ya muda mfupi itaanza kulia, kisha itakwama. Bwana shamba ambaye angefuata kijitabu chetu neno kwa neno angebaki njiani.

Ili kuona tofauti hii ilitoka wapi, hapana budi kurudi nyuma kidogo. Wazo la kuweka vitufe vya chuma baina ya ekseli na gurudumu lilisajiliwa Uingereza mwaka 1794 na Philip Vaughan wa Wales, kwa ajili ya magari ya kukokotwa na farasi. Katika baiskeli, aliyepata hataza ni Jules Suriray wa Paris, mwaka 1869, na mwezi Novemba mwaka huohuo James Moore alishinda mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen akipanda baiskeli ya namna hiyo. Tatizo lililobaki lilikuwa la kupata vitufe vilivyolingana sawasawa, kwa sababu kimoja kikizidi wenzake hubeba mzigo wote peke yake. Friedrich Fischer wa Schweinfurt, Ujerumani, alilitatua mwaka 1883 kwa mashine ya kuvisaga. Kisha mwaka 1907 Msweden Sven Wingquist, wa Göteborg, alibuni beringi yenye kujirekebisha yenyewe ekseli inapopinda kidogo, na kampuni ya SKF ikaanzishwa. Hiyo ilikusudiwa mitambo ya viwandani, na ilikuwa kifaa kizima, si vitufe vya kumwaga kiganjani.

Basi njia zilikuwa mbili, nasi tumezipokea zote mbili, kila moja na neno lake. Raleigh za Uingereza na, baadaye, Phoenix za China zilikuja na gololi zilizo wazi, zimepangwa katika kikombe kilichomo ndani ya kitovu na kubanwa kwa kipande chenye nyuzi kinachokazwa juu ya ekseli. (Kipande hicho kwa umbo ni kile ambacho vitabu vya hesabu vya shule za msingi hukiita pia, lakini mtu akienda dukani kuomba pia atatazamwa sana. Aombe koni. Vivyo hivyo gololi ni tufe kwa mwalimu wa hesabu, wala hakuna aliyewahi kununua matufe ya baiskeli.) Neno beringi, kwa maoni yetu, lilishika mizizi katika karakana za magari na mashine, ambako kifaa hununuliwa kizima na hutupwa kizima.

Ushahidi ulio bora wa tofauti hii hatukuupata kwa mafundi bali kwa watoto. Watoto wa mjini hucheza gololi za kioo, na za chuma wakizipata. Watoto haohao huunda vigari vya mbao na kuvitia beringi kuukuu ziwe magurudumu. Hakuna mtoto atakayekuambia kwamba kigari chake kinakwenda kwa gololi.

Baiskeli ya milimani, iliyozaliwa California katika miaka ya 1970, ndiyo iliyoyakutanisha maneno haya katika gurudumu moja. Nyingine bado zina vikombe na gololi: aghalabu kumi za inchi 3/16 kila upande mbele, na tisa za robo inchi kila upande nyuma. Nyingine zina beringi zilizozibwa. Kwa nje ni vigumu kutofautisha, na ndiyo sababu muuzaji mwenye uzoefu hupenda mteja aje na kile kilichoharibika.

Tuliporudi siku ileile na beringi kuukuu mkononi, kijana hakuuliza tena ni ya baiskeli gani. Aliipangusa kwa kitambaa akasoma: 6902. Hapo tukaingia katika lugha ya tatu, ambayo si ya Kiswahili wala ya Kiingereza. Tarakimu mbili za mwisho hutaja tundu la kupitishia ekseli: 00 ni milimeta 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 huzidishwa kwa tano. Beringi 6902 ina tundu la milimeta 15, upana wa nje wa 28 na unene wa 7. Beringi 6001 nayo ina 28 kwa nje, lakini tundu lake ni 12 na unene wake 8. Itaingia katika kitovu kilekile bila taabu, na ekseli itaikataa. Herufi 2RS zimaanisha imezibwa kwa mpira pande zote mbili. ZZ, kwa vifuniko vya chuma. Twawaomba watumishi wa ofisi za ugavi walitie jambo hili maanani, kwa sababu hati ya kuagiza “beringi za baiskeli, 20” haijaagiza kitu.

Sasa tuje kwenye wajibu wa wasanifu. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, wasomaji wa kurasa hizi wameizoea kanuni ya kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lugha za jamaa zake kabla ya kukopa mbali. Tunaikubali. Lakini ikishikwa kwa pupa yaweza kutuambia kwamba, maadamu gololi lipo na limezoeleka, beringi ni mgeni asiye na kazi. Mwingine aweza kuunda neno kama “kihimilio”, na kisarufi hatutamlaumu. Ila neno hilo halitamfikisha mtu kwenye kaunta. Mchikichini yenyewe imepakana na Kariakoo, jina ambalo watu walilifinyanga kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, bila kuomba ruhusa ya kamati yoyote. Wala leo hakuna anayelisikia kuwa la kigeni. Beringi limekwisha kutembea njia hiyohiyo. Rai yetu ni kwamba gololi libaki jina la kitufe kimoja, beringi liwe jina la kifaa kizima, na panapohitajika kutofautisha isemwe beringi iliyozibwa na beringi ya wazi.

Sura ile tumeiandika upya. Sasa inamwambia msomaji afungue kitovu kwanza atazame. Akikuta gololi, azihesabu, azioshe kwa mafuta ya taa, na moja ikiwa na kovu abadilishe zote pamoja. Akikuta beringi iliyozibwa, aipanguse kwa kitambaa kikavu tu, na ikiwa inakwaruza inapozungushwa kwa kidole, asome namba yake, aiandike, aende nayo dukani. Zile gololi 18 fundi alizichukua akazitia katika Phoenix ya mteja aliyefuata.